Vivinjari vidogo vinaishije mbele ya Chrome? Jibu kwa mwenye steshenari wa Mwanga, Kigoma

Swali: Habari za kazi, kaka. Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma. Naprinti, natoa kopi, na nina kompyuta nne ambazo wateja wanafanyia maombi ya vyuo, mikopo na ajira. Kijana aliyekuja kusafisha mashine aliniwekea Firefox na Brave, akasema Chrome inakula bando na inachunguza watu. Sasa wateja wakikaa wanatafuta Chrome, wasipoiona wanadhani hakuna intaneti. Halafu mashine mbili bado zina Windows 7, na Chrome yake imegoma kujisasisha. Naomba unieleweshe: hivi vivinjari vidogo vinaishije wakati watu wote wako Chrome, tena vyote ni vya bure? Nisije nikawazoesha wateja kitu ambacho mwakani hakipo.

Jibu:

Salama, dada. Umeuliza vitu vya bure vinaishije, basi tuanze na pesa, maana mengine yote yanatokea hapo.

Mteja akikaa kwenye kompyuta yako haandiki anwani kamili ya tovuti. Anaandika "maombi ya mkopo" kwenye ule mstari wa juu, anapiga Enter. Maneno hayo yanakwenda kwenye mtambo wa kutafutia ambao mwenye kivinjari ameingia nao mkataba. Kwenye majibu yanayorudi kunakuwa na matangazo. Mtu akibofya tangazo, mtangazaji analipa, na katika malipo hayo mwenye kivinjari anapata mgao wake. Kinachouzwa, kwa hiyo, ni ule mstari wa juu, na mnunuzi wake mkubwa duniani ni Google.

Fedha inayozunguka hapo si ya kitoto. Kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google ilianika kwamba mwaka 2021 Google ililipa zaidi ya dola bilioni 26 ili utafutaji wake uwe ndio unaofunguka wenyewe kwenye simu na vivinjari vya watu wengine. Mwaka 2022 Apple peke yake ilivuta takribani bilioni 20 kwa ajili ya Safari. Mozilla, wenye Firefox, wanapata kiasi kidogo sana wakilinganishwa na Apple, lakini kidogo hicho ndicho sehemu kubwa ya mapato yao. Yaani mshindani wa Chrome anakula mezani kwa mwenye Chrome.

Walishajaribu kutoka. Mwishoni mwa 2014 Mozilla waliingia mkataba wa miaka 5 na Yahoo kwa watumiaji wa Marekani. Mwaka 2017 wakauvunja kabla ya muda na kurudi Google. Mtu alikuwa akitafuta kitu, anaona majibu ya Yahoo hayamridhishi, anaingia kwenye mipangilio na kurudisha Google mwenyewe. Mkataba unaweza kukununulia mstari wa juu, haukununulii mazoea ya mtu.

Ndiyo maana kesi ile ilifika mahali pa kuchekesha kidogo. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google ilikuwa imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Serikali ikaomba Chrome iuzwe na malipo yale yapigwe marufuku. Mwaka 2025 aliyekwenda mahakamani kulia kwamba marufuku hiyo ingemwumiza akawa Mozilla, yuleyule mdogo ambaye sheria ilikuwa inadhaniwa kumkomboa. Septemba 2025 jaji akatoa uamuzi: Chrome isiuzwe, malipo yaendelee, ila Google isifunge mikataba ya kumzuia mtu kufanya kazi na mwingine. Kwa hiyo kuhusu hofu yako ya mwakani, sioni sababu ya Firefox kuzimika kesho. Ikija kuzimika siku moja, nadhani itakuwa kwa kukatiwa hela, wala haitakuwa kwa kushindwa kufungua kurasa.

Wengine wamejitafutia riziki kivyao. Brave, iliyoanzishwa na Brendan Eich, yule aliyetunga lugha ya JavaScript mwaka 1995, inazuia matangazo ya tovuti halafu inauza matangazo yake yenyewe kwa anayekubali kuyaona. Tangu 2021 ina mtambo wake wa kutafutia. Opera ya Norway ilinunuliwa na wawekezaji wa China mwaka 2016, ikaingia soko la hisa la Nasdaq mwaka 2018, na barani Afrika ikajichanganya na habari na hata malipo ya simu. OPay ya Nigeria ilianzia mikononi mwao. Vivaldi ina timu ndogo tu, ya Jon von Tetzchner, mmoja wa waanzilishi wa Opera, na inaishi kwa mikataba midogomidogo ya utafutaji. Si lazima mdogo awe na watumiaji bilioni. Anahitaji wa kutosha kulipa mishahara yake.

Sasa, vinashindanaje? Hapa vijana wengi wanakosea. Wanadhani mdogo akiwa bora, watu watahama.

Hilo lilitokea mara moja, na kwa sababu maalumu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Internet Explorer ya Microsoft ilishika zaidi ya asilimia 90 ya soko. Baada ya kutoa toleo la 6 mwaka 2001, Microsoft walibweteka. Toleo la 7 lilikuja 2006. Miaka 5 nzima! Katikati ya usingizi huo, Novemba 2004, ikaingia Firefox 1.0, inayofungua kurasa nyingi ndani ya dirisha moja na kuzuia vile vidirisha vya matangazo vilivyokuwa vikiruka usoni kila unapobofya. Ndani ya miaka 5 au 6 ilikuwa inakaribia theluthi moja ya soko. Kisha Septemba 2008 Chrome ikatokea, nyepesi na ya kasi, ukurasa mmoja ukigoma haiangushi yote. Ikapata pia misukumo mikubwa: tangazo kwenye ukurasa wa mbele wa Google, na simu za Android zinazokuja nayo tayari. Leo ina takribani theluthi mbili ya soko la dunia, na Firefox imeshuka hadi asilimia 2 au 3.

Chrome hailali. Inatoa toleo jipya kila baada ya wiki chache, inapokea viwango vipya vya kutengenezea tovuti, na mara nyingi inavianzisha yenyewe. Kwa hiyo njia ya Firefox ya 2004 imefungwa. Aliyebaki anayetaka kuishi anatafuta kitu kingine: jambo ambalo mkubwa hawezi kulifanya bila kujikata mwenyewe, au ambalo ameona halimlipi akaliacha.

Matangazo ndiyo mfano wa wazi. Google inaishi kwa kuuza matangazo, hivyo haiwezi kukuletea Chrome inayoyazuia yote. Kuanzia 2024 Chrome ilibadilisha kanuni za programu za nyongeza, na uBlock Origin, kizuia matangazo maarufu sana, ikaanza kuzimwa. Watu wakabaki na toleo lake dogo lenye nguvu pungufu. Google wanasema mabadiliko yale ni ya usalama na wepesi, na kwa sehemu ni kweli. Lakini Firefox imeendelea kuikubali uBlock Origin kamili, kwenye kompyuta na kwenye Android, na Brave ina kizuizi chake ndani tangu unapoiweka. Hapo mkubwa hawafuati. Akiwafuata anapunguza mauzo yake mwenyewe.

Hapo ndipo lilipo pia jibu la "Chrome inakula bando". Kijana wako yuko sahihi nusu. Kivinjari chenyewe hakili sana; kinachokula ni kurasa, na ndani ya kurasa ni matangazo, video zinazojianzisha, na vile vijiprogramu vinavyofuatilia mtu alikotoka. Fungua ukurasa wa habari uliojaa matangazo kwenye Chrome tupu, kisha kwenye Firefox yenye uBlock Origin, uangalie kiasi kilichopakuliwa: tofauti utaiona kwa macho. Lakini ukifungua fomu ya serikali isiyo na tangazo hata moja, vitakula sawasawa. Na kompyuta nne zinazopakua sasisho la kivinjari asubuhi moja zitakumalizia bando bila kujali ni cha nani.

Kwenye simu kuna hadithi nyingine ambayo Kigoma inaijua vizuri. Opera Mini ilisambaa duniani mwaka 2006, wakati wengi wetu tulikuwa na simu za vitufe na mtandao wa kusuasua. Ujanja wake ulikuwa huu: simu haipakui ukurasa. Seva ya Opera ndiyo inayoupakua, inapunguza picha, inakamua ukurasa mzima, kisha inaituma simu yako kifurushi kidogo, wakati mwingine sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa awali. Chrome nayo iliwahi kuwa na huduma ya kubana data kwenye Android, ikaiondoa mwaka 2022 kwa maelezo kwamba bando limeshuka bei katika nchi nyingi. Nchi nyingi! Mtu wa Ujiji anayenunua MB za kutwa hakuulizwa. Opera wakabaki na uwanja.

Ila ujanja huo una gharama zake, na hili wewe mwenye steshenari lijue. Opera Mini ikiwa kwenye ubanaji wake mkubwa kabisa, ukurasa unaendeshwa kule kwenye seva, siyo mkononi mwa mteja. Fomu za hatua nyingi zenye kupandisha vyeti zinagoma, vitufe vinabonyezwa bila kuitika. Tena kwa kuwa seva inaufungua ukurasa njiani ili iubane, usiri ule wa moja kwa moja kati ya mteja na tovuti haupo. Kusoma habari na matokeo ya mpira ni sawa. Benki na maombi ya mkopo, hapana. Mteja akija na simu akilalamika kwamba "mfumo haukubali", angalia kwanza ameufungulia wapi.

Nikuoneshe na upande wa ndani, maana ndio unaoeleza kwa nini Brave na Firefox, ambazo kijana wako aliziweka pamoja kana kwamba ni ndugu, hazifanani. Unayajua mabasi yanayokuja huku kutoka Dar: kampuni tofauti, rangi tofauti, viti tofauti, lakini ukichungulia chini unaweza kukuta chesisi ni ileile, tuseme ya Scania. Brave, Opera, Vivaldi, Edge ya Microsoft na kivinjari cha Samsung vyote vimejengwa juu ya Chromium, ambayo msingi wake ni wa Google, na Google imeuacha wazi kila mtu autumie. Firefox ina injini yake, yaani ile sehemu inayosoma ukurasa na kuuchora kwenye skrini, inaitwa Gecko. Safari ya Apple ina yake, WebKit. Zaidi ya hapo, injini nzito za kuaminika ni kama hazipo.

Kutunza injini yako ni mzigo wa mamia ya wahandisi, kila siku, milele. Opera walikuwa nayo wakaiacha 2013. Microsoft, wenye Windows na mabilioni yao, waliitupa ya kwao, na Januari 2020 Edge ikatoka ikiwa juu ya Chromium. Kama Microsoft walichoka, utaelewa kwa nini kampuni ya watu hamsini haianzi hata kufikiria. Wapo wachache wanaojaribu upya, Ladybird wakiwa mmojawapo, na nawaombea heri.

Kwa mdogo, kujenga juu ya Chromium kuna faida: tovuti zote zinafunguka siku ya kwanza. Hasara ni kwamba Google ikibadilisha msingi, mdogo anabadilika nayo au anabeba gharama ya kukataa. Na kuna hasara nyingine ya kimyakimya inayotugusa sisi wa huku. Fundi wa tovuti akijua kila mtu yuko Chrome, anajaribu kazi yake kwenye Chrome tu, anaifunga, anaondoka. Nimeshakaa na mwanafunzi usiku wa mwisho wa kutuma maombi, kitufe cha kuendelea kimegoma kabisa kwenye Firefox; nikafungua mfumo uleule kwenye Brave, kikakubali mara moja. Hakuna uchawi hapo. Aliyeutengeneza hakuwahi kuufungua nje ya Chromium.

Tovuti nyingine zinakwenda mbali zaidi: zinasoma jina la kivinjari na kukifungia mlango hata kama kingeweza kuzionesha. Desemba 2019 Vivaldi waliamua kuacha kujitaja kwenye tovuti nyingi, wakaanza kujitambulisha kama Chrome, na matatizo mengi yakaisha. Wala hawakuwa wa kwanza. Internet Explorer enzi zake ilijiita Mozilla, jina ambalo Netscape, kivinjari kilichotamba kabla yake, ilijitambulisha nalo, ili ipokelewe na tovuti zilizotengenezwa kwa ajili ya Netscape hiyo, na Chrome yako ya leo bado inaanza kujitambulisha kwa neno hilohilo, "Mozilla/5.0". Katika biashara hii kila aliyekuwa mdogo aliwahi kuvaa kofia ya mkubwa.

Umoja wa Ulaya umejaribu kusaidia kwa sheria. Mwaka 2010 Microsoft walilazimika kuwaonesha watumiaji wa Windows wa huko orodha ya vivinjari wachague. Walipoacha kuionesha kwa zaidi ya mwaka, mwaka 2013 wakapigwa faini ya euro milioni 561. Tangu Machi 2024 simu nazo huko zinaonesha orodha, na kampuni ndogo kadhaa zilisema watumiaji wao waliongezeka. Hapa kwetu orodha hiyo haipo. Mtu ananunua simu pale mjini, anaikuta Chrome iko tayari, pengine na kivinjari cha mtengenezaji wa simu pembeni, na hapo suala limeisha. Ndiyo maana wateja wako wanaitafuta ile duara yenye rangi nne: hawakuwahi kuichagua, waliikuta.

Mwaka 2025 wameingia wapya wanaokuja na akili mnemba ndani ya kivinjari: Comet ya Perplexity, na Atlas ya OpenAI. Vyote viwili, chini, ni Chromium. Usihangaike navyo dukani kwa sasa.

Sasa kazi yako. Usiiondoe Chrome. Iache pale mteja anapoiona, kwa sababu mtu mwenye haraka na fomu mkononi hahitaji somo. Lakini weka na Firefox kwenye kila mashine, na uBlock Origin ndani yake, na uifanye hiyo ndiyo ya wanaokuja kuperuzi tu. Kwenye mipangilio ya faragha ya Firefox kuna sehemu ya kufuta vidakuzi (vile vikumbukumbu ambavyo tovuti zinaviacha kwenye kompyuta) na data za tovuti kila inapofungwa, iwashe. Zima pia kule kuuliza kama ihifadhi manenosiri. Kwenye steshenari hatari kubwa haitoki Google, inatoka kwa mteja wa pili anayekaa kwenye kiti cha wa kwanza na kukuta akaunti ya mwenzake iko wazi, na namba zake zote za maombi.

Kwenye Chrome bofya picha ya wasifu juu kulia, uchague hali ya mgeni. Dirisha likifungwa, kila kitu kimeondoka. Wafundishe vijana wako wa dukani wafungue hiyo kwa kila mteja. Dirisha la fiche (Incognito) nalo linasaidia, ila watu wanalielewa vibaya. Halimfichi mtu mbele ya tovuti wala mbele ya kampuni ya simu, na mwaka 2024 Google walikubali, kumaliza kesi Marekani, kufuta data nyingi walizokusanya kwa watu waliokuwa wakidhani wamejificha humo. Kwa hiyo kijana wako kuhusu "kuchunguza" hakutoa maneno hewani.

Brave iache kama akiba kwa ile mifumo inayokataa Firefox. Mfumo ukigoma ndani ya Brave, bofya alama ya simba kwenye mstari wa juu, ushushe kinga kwa tovuti hiyo moja, kisha ujaribu tena kabla hujamwambia mteja mtandao ni mbovu.

Mashine za Windows 7 ndizo zinazonitia wasiwasi. Chrome iliacha kuzihudumia mwanzoni mwa 2023, toleo la 109 likiwa la mwisho, na Brave nayo, kwa kuwa imejengwa juu ya Chromium, ikafuata njia hiyohiyo. Iliyomo kwenye mashine hizo mbili usiitegemee. Firefox ndiyo iliyobaki na watu wa Windows 7: toleo lake la muda mrefu namba 115 liliendelea kupata viraka vya usalama kwa zaidi ya miaka miwili baada ya Chrome kuondoka. Kama mashine hizo hazina Firefox 115 ya aina hiyo, iweke leo. Lakini hiyo ni ya kukuvusha tu, Windows yenyewe chini haipati viraka tena. Kama zina RAM ya GB 4, mwambie huyohuyo kijana azipige Linux Mint. Ni ya bure, Firefox inakuja nayo, na printa nyingi inazitambua. Ajaribu kwenye mashine moja kwanza kwa kutumia fleshi bila kufuta chochote, aprinti karatasi mbili tatu na kuskani cheti kimoja. Printa ikikubali, ahamishie zote mbili. Ikikataa, mashine hiyo ibaki ya kuchapia barua tu, bila intaneti, na maombi ya wateja yafanyike kwenye zile nyingine.